Usimuambie Amesafiri

Butembo, Furu, tarehe 17 mwezi wa tisa 2023

Salomon, ndugu yangu mudogo,

Nakusalimia, na ninasalimia batu yote ya Beu huko Beni benye bangali wazima. Huku tuko. Baridi ya Butembo unaijua, imenishika mugongo, lakini mashini ya kushona bado inanilisha. Mvua ilipasua bati ya jikoni, jirani akanipigilia ingine. Mutoto yako anakula, analala, mashavu yamerudi.

Nakuandikia kwa sababu mu simu, kila nikigusa ile mambo, unaniambia "yaya, réseau ni mubaya," kisha inakatika. Barua haina réseau. Huyu jirani yangu Nassoro, muislamu mwenye gari ya mizigo, anapitaka Beni akienda Kasindi. Yeye njo atakuletea barua ku atelier yako ya mbao, na wewe umupatie majibu.

Kwanza, Kyakimwa. Tangu uliniletea yeye nilijisemea: mutoto ya miaka nane hawezi kuishi na shangazi tu na vipande ya bikwembe, mabaki ya kushona. Apate benzake. Basi nikaita batoto ya avenue yote, nikanunua biskuti na sucré ya kunywa, nikafungulia muziki. Salomon, nilifanya vibaya. Alikimbilia chini ya meza ya mashini, akafunga masikio, akalia mpaka sauti ikaisha. Mutoto mumoja alimuvuta muguu ili acheze, Kyakimwa akamuuma, damu ikatoka. Tangu ile siku banamuita "mbwa ya mama Kavuo".

Nilimupeleka kwa Masista benye kuangalia batoto ya namna hii. Sista alikaa naye asubuhi nzima, kisha akaniambia: "Haiko bubu, hana pepo, na hakuna mutu alimuloga. Ni autisme, usonji, alizaliwa nayo. Usimuletee batoto kumi. Muletee mumoja, wakati kidogo, mu kitu kile yeye mwenyewe anapendaka."

Ya pili ni nzito. Ulimuambia Kyakimwa kwamba mama yake amesafiri, atarudi siku ya Mungu, siku ya misa. Wewe ulisema tu ili anyamaze. Yeye alisikia. Kila siku ya Mungu anavaa viatu asubuhi, anakaa ku mulango ya lupango, pale ku njia, mpaka giza. Misa haendi, chakula hali. Pikipiki ikisimama, anasimama. Ikienda, anakaa tena.

Niruhusu nimuambie ukweli.

Dada yako,
Kavuo

*

Beni, Beu, tarehe 9 mwezi wa kumi 2023

Yaya Kavuo,

Barua ilifika. Wasingya, asante. Niko muzima. Kazi iko. Zamani nilikuwa natengeneza vitanda na milango, sasa unajua ni nini batu banaagiza. Sitaki kuiongea. Mbao inapanda bei kila wakati.

Ile neno ya Sista usiniandikie tena. Mutoto yangu alishikwa na woga, ni ile tu. Kama anatulia, itapita. Alikuwa anaimba na mama yake, mimi nilisikia na masikio yangu.

Na ukweli, yaya, ni ukweli gani? Mama yake, Kavugho, alienda shamba mu mwezi wa tano na bamama bengine, batu ya silaha bakabavamia kule. Bale bengine tulibaona, tukabazika. Yeye hatukumuona. Tulirudi kule na basoda ya serikali, tulitafuta. Hakuna mwili, hakuna kikwembe, hakuna kitu. Ukisema amekufa, ni nani alikuonyesha? Mimi sitaua bibi yangu na mudomo.

Amesafiri. Hapana kumuambia kitu kingine. Mimi njo baba yake.

Salomon

*

Butembo, tarehe 26 mwezi wa kumi na moja 2023

Salomon,

Amani ikae kwako. Mahindi ya kwetu Lubero yamevunwa, mjomba alituma gunia moja na maharagi kidogo. Kikohozi yangu imepungua. Nimepata kazi ya kushona robe za kwaya, zote za bluu, nimechoka na bluu.

Nimetii. Siku ya Mungu inapita vile inapita, siongezi neno.

Lakini iko na jambo nataka ulisikie. Huyu Nassoro iko na mutoto, Hadjara, miaka tisa. Salomon, ule mutoto anaongea! Anaamka akiongea. Batoto bengine banamukimbia juu hawezi kunyamaza hata wakati wa kujificha. Siku moja alileta robe ya mama yake niishone, akaona Kyakimwa chini, anapanga vipande ya bikwembe kwa rangi, mustari murefu mpaka jikoni.

"Unafanya nini? Ni wewe unauma batu? Utaniuma mimi? Hii nyekundu ni nzuri, mama yangu iko nayo. Mbona hujibu?"

Kyakimwa akasimama, akaenda kukaa inje.

Nikamuambia: "Hadjara, ukitaka kucheza naye, usimuangalie machoni na usimuguse. Kaa tu. Chukua kipande, weka pale kinafaa. Ukikosa, yeye atakitoa. Usikasirike."

"Na kuongea?"

"Ongea na mimi."

Akarudi kesho yake. Akaweka kijani, Kyakimwa akakitoa. Akaweka tena, akakitoa. Mimi nilikuwa nashona lakini sioni uzi. Mara ya nne Kyakimwa aliacha kipande pale. Hadjara aliruka, alipiga makelele, na yote ikaharibika, Kyakimwa akakimbilia chini ya meza. Ule mutoto akaanza kulia: "Shangazi, nilifurahi tu!" Nikamuambia najua.

Sasa anakuja kila akitoka masomo. Anakaa wakati kidogo, ninamurudisha kwao mbele hawajachokana. Anamuongelesha mashini, anamuongelesha ukuta, anaelezea mambo ya mwalimu na mbuzi ya jirani. Juma iliyopita, wakati alikuwa alishaenda, nikasikia Kyakimwa anasema peke yake, na sauti ile ile ya Hadjara: "Mbuzi ilikula daftari! Yote, mpaka kifuniko!"

Niliacha kazi, nikalia. Miezi yote sikusikia sauti yake ila kilio.

Jibu basi.

Kavuo

*

Beni, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2024

Yaya,

Mwaka mupya kwako. Noeli ilipita kimya, balitukataza kutembea jioni. Unisamehe kwa kuchelewa.

Kurudia maneno ya mutu, kasuku pia anafanyaka. Rafiki ni mutu anakuita jina lako. Je, alishamuita? Sikatazi acheze. Lakini usiniwekee matumaini mingi, siwezi kuyabeba tena.

Nassoro amebeba viti viwili vidogo nilitengeneza na mabaki ya mbao. Ni mbao safi, ilibaki ku mulango ya shule, hapana ku ile kazi ingine. Kimoja ni ya mutoto yangu. Kingine ni ya ule wa kelele.

Je, bado anakaa ku mulango?

Salomon

*

Butembo, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Salomon ndugu yangu,

Salamu nyingi. Robe za kwaya zimeisha, padri alilipa nusu na baraka. Viti vilifika. Hadjara anakaa ku chake. Kyakimwa ameweka chake mu mustari pamoja na vipande, hapana kukaa. Lakini anakipanguza kila asubuhi.

Bado anakaa ku mulango, ndiyo. Hadjara alimuuliza anangojea nani. Akasema "Mama." Sasa siku ya Mungu bawili banangoja.

Sasa sikiliza, na uketi. Ku masomo ya Hadjara, pale nilimuandikisha Kyakimwa pia, mwalimu alikubali atoke mbele kengele haijalia, juu kengele inamuumiza. Wakati ya mapumziko alikuwa anasimama peke yake ku ukuta. Basichana banaruka kamba, na kila mara banagombana juu hakuna mwenye kupenda kuizungusha, yote banataka kuruka. Hadjara akabaambia: "Mumupatie Kyakimwa. Yeye hachoki na hakosei." Balicheka. Akashika kiuno kama mama wa soko: "Mukimukataa, mimi naenda na kamba yangu." Kamba ni yake, basi balikubali.

Nilienda kuona mwenyewe. Salomon, anazungusha kama saa ya ukuta. Haendi mbio, hapunguzi. Basichana banaruka mpaka banaanguka, na banapiga foleni juu ni yeye anashika kamba. Macho yake iko ku kamba tu, lakini midomo ilikuwa inacheka. Mutoto yako alikuwa anacheka. Hakuna mwenye kumuita mbwa tena.

Na uliniuliza jina. Siku ya ine ya juma, jioni, Hadjara alikuwa anaenda, alishafika ku njia. Kyakimwa akasimama ku mulango akaita: "Hadja!" Mutoto akageuka. Kyakimwa hakuwa na neno lingine. Alikuwa anataka tu ageuke.

Mu vacances ya Pasaka Hadjara ataenda na baba yake Kasindi, kwa nyanya yake, bafanye Idi kule. Tayari anamuelezea Kyakimwa kila siku kwamba atarudi, lini atarudi, na atamuletea nini. Mimi nashukuru. Huyu akisema atarudi, anarudi.

Kuja umuone, Salomon. Njia ni ile ile Nassoro anapita.

Yaya yako

*

Butembo, tarehe 11 mwezi wa ine 2024

Salomon,

Sina salamu leo.

Utakuwa ulisikia. Gari ya Nassoro ilishambuliwa ku barabara ya Kasindi. Simu iliingia kwao saa ya mapishi, na mama Hadjara alipiga kelele moja tu, kisha kimya. Nassoro anapona, mukono umevunjika. Hadjara amekufa. Balimuzika huko huko Beni.

Je, ulikuwa pale? Ulimuona? Batu banasema menuisier moja, fundi wa mbao, alisaidia.

Kyakimwa alienda ku mulango yao na kamba mukononi. Bamama benye kilio balimuonea huruma, mumoja akamuambia: "Hadjara amesafiri, mama." Yeye akarudi nyumbani. Akavaa viatu.

Barua hii ninaipatia Manassé, convoyeur mwenye kulipisha mu basi, juu Nassoro hayupo tena njiani.

Kavuo

*

Butembo, tarehe 5 mwezi wa tano 2024

Salomon,

Manassé anasema alikupatia barua mukononi. Anasema uliisoma ukisimama, ukaiweka mu mufuko, ukarudi ku mbao.

Simu yako imefungwa. Kama uko mugonjwa, sema. Kama unanikasirikia, sema pia. Mutoto anakula kidogo sana. Ku mulango haendi siku ya Mungu tu. Anaenda kila siku.

Kavuo

*

Beni, tarehe 12 mwezi wa tano 2024

Yaya,

Niko. Sikuwa mugonjwa. Sikukasirika. Kila nikishika bic ya kuandika, niliiweka chini, nikarudi ku mbao.

Nilikuwa pale. Nilipeleka masanduku ya maiti ku hopitali na chukudu, baiskeli yangu ya mbao, juu balikufa batu wengi ku ile barabara. Nassoro alikuwa amekaa chini, inje ya chumba cha maiti, mukono umefungwa na kitambaa. Akaniita: "Menuisier. Baba Kyakimwa. Njo unisaidie. Na mukono moja siwezi kumubeba."

Waislamu hawaziki na sanduku. Basi niliacha yote ku chukudu, nikaingia naye. Bamama ya musikiti balishamuosha na kumufunga mu kitambaa nyeupe. Tulimubeba bawili, yeye na mukono yake moja. Sikuwahi kumuona ule mutoto, yaya, lakini nilimujua. Nilijua anacheka namna gani, juu ya barua zako.

Kiisha kuzika tulikaa. Nassoro akasema: "Njia yote alikuwa anaongea. Atamuletea Kyakimwa hiki, atamuletea kile. Kichwa ilianza kuniuma. Nikamuambia, Hadja, nyamaza kidogo. Akanyamaza. Sikumusikia tena."

Nilishika tu bega lake.

Nataka kukuambia kitu kimoja. Niliona mwili. Nilitupa udongo na mukono yangu. Tangu ile siku silali, lakini sio juu ya kutojua. Nassoro pia analia, lakini hajiulizi. Mimi mwaka mzima nilikuwa najiuliza kila pikipiki ikisimama, sawa na mutoto.

Mambo ya Hadjara, muambie vile unaona. Usimuambie amesafiri.

Salomon

*

Butembo, tarehe 26 mwezi wa tano 2024

Salomon, ndugu yangu,

Mungu akubariki kwa kumubeba. Mama Hadjara nilimusomea ile sehemu ya kubeba. Ile ya "nyamaza" sikumusomea. Ile ni ya bwana yake kusema au kunyamaza.

Sista alinishauri: maneno mafupi, hapana "amelala", hapana "Mungu amemuchukua", juu atangoja aamke, au atangoja Mungu amurudishe. Basi jana, kiisha chakula, nilikaa chini karibu na mustari yake.

"Kyakimwa. Hadjara amekufa. Mwili yake haipumui tena. Haiwezi kucheza tena. Harudi."

Hakuniangalia. Aliendelea kupanga. Kisha: "Siku ya Mungu?"

"Hapana. Hata siku ya Mungu."

"Kasindi?"

"Haiko Kasindi. Iko mu udongo, Beni. Baba yako alisaidia kumuzika."

Akasimama, akatoka. Nikamufuata mbio. Aliingia kwa Nassoro moja kwa moja, mu kati ya bageni, juu bangali na batu benye kuja kuwapa pole, akasimama mbele ya mama Hadjara na kusema na sauti ile yake isiyopanda wala kushuka: "Hadjara amekufa. Mwili haipumui. Harudi siku ya Mungu."

Bamama baliruka. Mumoja alimushika mudomo. Mimi nilitaka udongo ipasuke. Lakini mama Hadjara akasema: "Mumuachilie."

Balimuachilia.

"Tangu bamuzike mutoto yangu, hakuna mutu ametaja jina lake mbele yangu. Munasema ile tabu, ile ajali, ile siku. Hata baba yake. Huyu peke yake." Kisha kwa Kyakimwa: "Sema tena, mama."

"Hadjara amekufa."

Na mama Hadjara, mwenye alikuwa hajatoa chozi tangu simu ile, akalia. Alilia mpaka jioni. Kyakimwa alisimama pale na mikono ku masikio, lakini hakukimbia.

Usizanie imekuwa nyepesi. Nassoro hataki kuona usukani tena, anapeleka jamaa yake Kisangani mwisho wa mwezi. Ku masomo basichana balileta kamba ingine, banazungusha benyewe. Banasema mwenye kukaa karibu na Kyakimwa anakufa. Mwalimu alibagombeza, balinyamaza, lakini kamba hawamupatii. Amerudi ku ukuta. Sista anasema tuanze tena, mutoto mumoja, wakati kidogo. Nimeangalia avenue yote, Salomon. Sioni mwenye kuongea na mashini. Nitaendelea kuangalia.

Na kitu kimoja kimebaki, nilikiweka mwisho juu sina nguvu nacho. Usiku, wakati namufunika, aliniuliza. Sikumufundisha, haikutoka kwa mutu. Aliuliza neno moja: "Mama?"

Nilikupatia ahadi, nikafunga mudomo. Nikamuambia: "Ile, baba atakujibu." Anangoja. Anakungoja.

Kavuo

*

Beni, tarehe 30 mwezi wa tano 2024

Yaya,

Nimesoma.

Hapana kumuambia wewe. Nitakuja mimi. Nimepata nafasi ku basi ya Manassé siku ya posho, nitalala kwako, ili siku ya Mungu asubuhi nimukute mbele hajavaa viatu. Atelier nimeachia jirani. Kama Masista banahitaji mutu wa kutengeneza mabanki ya kukalia batoto, nitabaki.

Leo asubuhi nilifunga mulango nikajaribu kusema. Mara ya kwanza mudomo ilisema "amesafiri", ilishazoea. Nikaanza tena. Ilitoka. Jirani akagonga akiuliza kama niko na mugeni. Nikamujibu hapana.

Kavugho amekufa. Naandika pia, uone.

Sitamugusa, sitamuangalia machoni. Nitakaa chini vile ulimufundisha Hadjara. Nitasema maneno mafupi. Kama anauliza niliona mwili, sitamudanganya: nitamuambia sikuuona. Kama anauliza, basi unajuaje, nitamuambia: juu mama yako angekuwa muzima, angerudi kwako, hata kwa miguu. Ile njo kitu moja najua juu ya mama yake, na naijua kabisa.

Salomon